Meno ya Kabaidi

"Siku kumi, Baba Sabrin," alisema Ustadh Wathiq bila kushuka garini. "Bwana mkaguzi wa kilimo atakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Akikuta mtende mfu hata mmoja bado umesimama, bustani yote itaandikwa kuwa ina mdudu. Hapo mimi nitaleta katapila."

"Katapila litajuaje mzima na mfu?" Ghadban aliuliza.

"Halijui. Wala halilipwi kwa kujua."

Wathiq alipandisha kioo, akaondoka na vumbi lake. Marehemu baba yake alikuwa akishuka, akavua viatu, akala tende na wakulima wake. Huyu mrithi aliishi mjini Basra na alikuwa na ramani ya viwanja kwenye simu yake. Kisebusebu na kiroho papo: alijidai anamwogopa mdudu wa mitende, kumbe mdudu angemfaa kuliko mtende wowote.

Ghadban alibaki amesimama mbele ya nyumba yake, mkono kiunoni. Desturi ya wilaya ile ya Abu al-Khasib haikuandikwa popote, lakini kila mtu aliijua. Ardhi ni ya mwenye ardhi, mtende ni wa aliyeupanda na wanawe, nao hawaondoki maadamu mtende wao umesimama. Mitende iliyokuwa hai kwenye bustani ile ilikuwa ishirini na mitatu, yote imepandwa na mkono wa baba yake. Arobaini na mmoja ilikuwa imekufa kwa maji ya chumvi yaliyopanda mto miaka ile ya kiangazi kibaya. Hiyo arobaini na mmoja isipoondoka, ishirini na mitatu ingeondoka nayo, na nyumba ingefuata.

"Siku kumi si chache," alisema mama yake, Hajia Tiswahin, akiwa kwenye mkeka wake mlangoni. "Mungu aliumba dunia kwa sita."

"Mungu hakuwa na msumeno wangu, mama."

*

Siku tatu za mwanzo, mitende minne. Hesabu hiyo ilitosha kumkosesha mtu usingizi.

Si kwamba Ghadban hakujua kazi. Alikuwa na msumeno wa mashine wa miaka kumi na miwili na cheni nne za chuma cha kawaida, na hakuna mtu kuanzia kijiji cha Hamdan hadi cha Siba aliyejua kutumia tupa kama yeye. Akinoa jino, lilikwangua ukucha. Lakini mtende si mti kama miti mingine. Ni nyuzi tupu, na kila uzi umeshika mchanga wa pepo za miaka hamsini na matope ya mto. Cheni iliingia inang'aa, ikafika katikati imeshakuwa butu. Badala ya kutoa vipande ilitoa unga, na baada ya unga, moshi. Ghadban alikaa juu ya gogo, akanoa dakika ishirini, akakata dakika sita, akakaa tena. Hadi Alhamisi jioni tupa zake mbili zilikuwa zimechoka na cheni moja imenolewa hadi meno yakabaki vibanzi.

Ijumaa baada ya swala alikwenda soko la Ashar na pesa za feni ya maji. Walikuwa wameziweka tangu majira ya baridi, maana feni ya zamani ilishapiga kelele zake za mwisho na joto lilikuwa njiani. Alirudi na kifurushi kidogo cha karatasi, akamkabidhi mkewe bila kumtazama machoni.

Mama Sabrin alikifungua taratibu. Ndani mlikuwa na cheni moja.

"Hii ndiyo feni yangu?"

"Ndiyo."

"Mbona haivumi?"

Hajia Tiswahin alicheka hadi akashika ubavu. Ghadban naye alitamani kucheka, akashindwa. Alieleza kama alivyoelezwa dukani. Kwenye ncha ya kila jino kumeunganishwa kipande cha kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma chochote, kile wanachotobolea miamba. Bei yake ni mara kumi ya cheni ya kawaida. Haiogopi mchanga.

"Laki mbili na nusu," alisema mwishoni, kwa sauti ya chini.

Mama Sabrin aliipeleka cheni karibu na dirisha, akavaa miwani yake ya kusomea, akalitazama jino moja kwa muda mrefu. Kisha akaenda kugeuza mkate.

*

Cheni ile haikuwa na haraka. Ghadban aligundua hilo kwenye mtende wa kwanza Jumamosi. Cheni ya chuma iliyonolewa vizuri huruka ndani ya mti kama mbuzi aliyeona majani. Hii iliingia polepole, lakini iliingia hivyohivyo kwenye gogo la kwanza, la pili, na la tatu. Gogo la nne lilipoanguka alizima mashine kwa mazoea, akaingiza mkono mfukoni kutafuta tupa, akapitisha kidole gumba juu ya meno. Yalikuwa vilevile. Alibaki na tupa mkononi kama mtu aliyekuja msibani akakuta harusi.

Binamu yake Shinawa, aliyekuja na trekta kuvuta magogo na kung'oa visiki, alisimama kutazama.

"Hunoi?"

"Haitaki."

"Haitaki nini? Kila kitu kinataka kunolewa. Hata mke wangu."

Mitende saba Jumamosi, saba Jumapili. Mitende iliyobaki na chuma cha vita vya zamani ndani yake, Ghadban alikuwa ameitia alama ya chokaa, kumi na mmoja kwa jumla, na hapo alikata juu au chini ya matundu. Hilo halikuwa gumu. Mtende haujui kufunga kidonda. Kipande cha bomu kilichoingia kabla hajaoa, tundu lake bado lilikuwa wazi, kijana angeweza kutia kidole. Kila mkulima wa huku anaisoma mitende yake hivyo, na Ghadban aliisoma vizuri kuliko wengi.

Jumatatu asubuhi, kwenye gogo la kumi na tisa, cheni ikaanza kutoa unga.

Hapo ndipo alipofanya alichokifanya maisha yake yote. Aliibana kwenye kibanio, akachagua tupa mpya, akaiweka kwenye jino kwa pembe aliyoijua hata akiwa amefumba macho, akasukuma. Tupa ililia. Iliteleza juu ya kabaidi kama kisu juu ya sahani. Alisukuma tena, kwa nguvu, mara kumi, kisha akaitazama. Jino halikuwa na hata mchubuko. Tupa ndiyo iliyokuwa na upara. Usilolijua ni usiku wa kiza, na kwa Ghadban giza liliingia saa tatu asubuhi.

Alipanda trekta la Shinawa hadi kwa mnoaji wa barabara kuu. Yule mtu aliishika cheni kwa ncha za vidole, akawaita wenzake wawili waje waone.

"Umeitia tupa hii?"

"Nimejaribu."

"Sikieni, ameitia tupa kabaidi," aliwaambia wenzake, na wakacheka bila chuki, jambo lililouma zaidi. "Mjomba, hii inataka almasi. Kisahani cha chembe za almasi, na mkono mwepesi. Mimi sina hata kimoja. Iache niitume mji mkuu, utaipata baada ya wiki."

"Nina siku tatu."

"Basi rudi kwenye cheni zako za chuma, na uombe dua."

*

Mama Sabrin alimkuta amekaa jikoni, cheni mezani mbele ya bakuli la tende, chai ya ndimu kavu imepoa bila kuguswa.

"Wamesemaje?"

"Wamesema almasi."

Alivaa miwani. Mara hii alikaa chini, akaipitisha cheni kati ya vidole jino baada ya jino, yote thelathini na sita, midomo yake ikihesabu.

"Baba Sabrin, mimi hii kazi naijua."

"Unaijua wapi?"

"Kule nilikokaa miaka kumi na minne. Ulidhani nilikuwa nafagia?"

Kweli, Ghadban hakuwahi kufikiria sana kile mkewe alichokifanya kwenye chumba cha nyuma cha daktari mmoja wa meno wa Ashar, kulikotengenezwa meno ya bandia. Alijua anatoka asubuhi na kurudi jioni na unga mweupe kwenye mikunjo ya abaya. Daktari alipohama nchi, kazi ikaisha, na sanduku lake la bati likaingia chini ya kitanda. Sasa alilivuta. Mlikuwa na mashine ndogo ya umeme inayoshikwa kama kalamu, na kwenye kitambaa, vichwa vya almasi vya kila umbo, vimepangwa kwa ukubwa. Kimoja kilikuwa kisahani kidogo kisichozidi sarafu.

"Haya ni ya meno ya watu," alisema Ghadban.

"Na hayo ni ya nini?" Alionyesha cheni. "Tena haya hayana mdomo wa kulalamika."

Ghadban aliguna. Lakini dirishani alimwona Shinawa akiegemea trekta lake anavuta sigara, na moyo ukamwambia jambo la kipuuzi, naye akalisikiliza.

"Fanyia nyuma," alisema. "Kule kwenye kichumba cha kuni. Na ufunge mlango."

Mama Sabrin alimtazama kidogo. "Kule hamna hewa."

"Watu wataona."

"Wataona nini?"

Mama Sabrin alibeba sanduku lake, waya na bakuli la maji, akaenda.

Umeme wa serikali ulikuja saa tano. Ghadban alisimama mlangoni kwa ndani, akimwangalia. Alidhani ingekuwa vita, kama yeye na tupa. Haikuwa hivyo. Mkewe aliegemeza kiganja kwenye kibanio, akagusisha kisahani kwenye jino na kukiondoa, akagusisha na kukiondoa, kama mtu anayeonja chumvi. Kila baada ya miguso mitatu alichovya kidole majini na kulilowesha jino.

"Mbona hubonyezi?"

"Anayebonyeza anachoma. Kabaidi ikipata moto inapasuka, huioni leo, unaiona kesho mtini." Hakuinua macho. "Miguso mitano kila jino, hata lile unaloliona zuri. Ya kulia kwanza, yote. Kisha ya kushoto."

Alikohoa. Vumbi lilikuwa la kijivu, jembamba, limeelea kwenye mwanga wa tundu la ukuta. Alijifunga shela puani na kuendelea. Jasho lilimtoka kwenye nyusi hadi kwenye miwani, na Ghadban akakumbuka feni.

Saa tisa cheni ilirudi kwenye msumeno. Iliingia kwenye mtende, na kwa mara ya kwanza tangu ainunue, Ghadban aliona vipande vinene, vya rangi ya tende mbichi, vikimwagika miguuni pake. Ilikata vizuri kuliko ilivyotoka dukani.

Shinawa alipiga mluzi. "Salama ya mkono wako, binamu. Mnoaji wa barabarani kashindwa, wewe umeweza. Siku nzima nitakuwa naisimulia."

Ghadban alifungua mdomo. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, hatua ishirini tu.

"Mungu ndiye anayewezesha," alisema, na akawasha mashine ili asisikie zaidi.

Jioni ile, akimmiminia chai, mkewe alisema polepole, "Nimesikia mkono wako unasifiwa." Hakusema kwa hasira. Aliweka sukari mbili kama kawaida yake. Ghadban aliinywa chai yote na haikuwa tamu.

*

Jumanne alasiri mitende thelathini na mmoja ilikuwa chini. Ilibaki kumi, na siku moja na nusu. Ghadban alianza kuimba.

Wa thelathini na mbili ulikuwa umesimama peke yake karibu na mfereji, hauna tundu hata moja la vita. Hakuutia chokaa. Alipiga goti, akaingiza msumeno kwa kimo cha nyonga, na cheni ikatoa sauti ambayo hakuwahi kuisikia, kama sinia la vikombe lililoanguka. Kitu kilipita shavuni pake kikiwa cha moto. Alizima. Aligusa shavu, akaona damu kidogo, kisha akaiona cheni na akasahau damu.

Vipande vitano vya kabaidi havikuwepo kabisa. Saba vilikuwa vimemeguka.

"Vita vilipiga huu pia?" Shinawa aliuliza, akinong'ona.

"Haukupigwa. Naujua. Huu haukupigwa kamwe."

Hajia Tiswahin alikuja akijikokota na fimbo yake, Mama Sabrin akimshika kiwiko. Bibi kizee aliutazama mtende, akautazama msumeno uliokwama kwenye jeraha, na uso wake ukabadilika.

"Ni misumari yangu," alisema.

Ghadban alikaa chini palepale kwenye matope.

Alisahau vipi? Huu ulikuwa mtende tasa. Kila mwaka kabla ya msimu, wao wawili waliujia. Yeye alinyanyua shoka na kusema kwa sauti, nitaukata, haufai. Mama yake akaukumbatia na kumsihi: uache, mimi nauwekea dhamana, mwakani utazaa. Kisha, ili mtende ujue kwamba si mzaha, mama alipigilia msumari mmoja. Hivyo ndivyo mitende tasa inavyotishwa huku, na kila nyumba ilikuwa na wake. Ghadban alikuwa amekagua chuma cha maadui tundu kwa tundu. Chuma cha nyumbani kwake hakikumjia akilini.

"Mingapi, mama?"

"Tisa. Mwaka wa kumi ulizaa." Alipangusa macho kwa ncha ya shela. "Ulizaa, wallahi. Makole mawili ya tende."

Hakuna aliyecheka. Shinawa alitazama juu, kisha akasema kitu ambacho kila mtu alikuwa nacho kichwani: "Bora umpigie Ustadh Wathiq mapema, labda atakuachia nyumba hadi mwisho wa kiangazi."

"Nyamaza, Shinawa," alisema Mama Sabrin. Alikuwa amepiga magoti na miwani yake usoni, akiifungua cheni kutoka kwenye msumeno.

*

Jumatano asubuhi Mama Sabrin alikataa kichumba cha kuni.

"Kifua changu kimejaa tangu juzi," alisema. "Hili vumbi si la kulala nalo. Niwekee meza uani, penye upepo, au nenda kanoe mwenyewe."

Ghadban aliibeba meza. Aliiweka chini ya kivuli cha ukuta wa mbele, mbele ya barabara na mbele ya macho ya watu.

Mama Sabrin aliipanga cheni na kuanza kwa kupima. Alitumia kipande cha uzi, kama alivyopimia fizi za watu. Alilitafuta jino fupi kuliko yote yaliyomeguka, akalinoa kwanza hadi mpasuko ukaisha. Lilibaki na kabaidi kama punje ya mchele.

"Hili ndilo kipimo," alisema. "Yote yatashuka hadi hapa."

"Hata mazima?"

"Hata mazima."

"Tutapoteza nusu ya kabaidi. Cheni ya laki mbili na nusu!"

"Tutapoteza. Ukiacha moja refu, hilo ndilo litakalokamata peke yake, cheni itaruka na kukuvunja uso. Yatembee yote kwa urefu wa lililoumia zaidi, yatafika." Alimsogezea tupa mezani. "Wewe una kazi pia. Hiki kidole kilicho mbele ya kila jino, kinachopima jino liingie mtini kiasi gani. Hiki ni chuma tu. Jino likishuka, nacho kishuke. Tupa inakikubali. Unywele mmoja, usizidi."

Basi mwanamume aliyejulikana kwa tupa kuanzia Hamdan hadi Siba alikaa kwenye kigoda kando ya mkewe na kusubiri aambiwe. Jino likitoka mkononi mwake, yeye alipitisha tupa mara mbili kwenye kidole. Mkewe aliangalia kwa uzi, akatikisa kichwa au akasema, "Mara moja tena." Ghadban alikuwa na miaka hamsini na tatu na hakuwahi kumwona mtu akifanya kazi namna hiyo. Hakuna mguso uliopotea. Umeme ulikatika wakiwa kwenye jino la ishirini na mbili, naye akakaa mikono mapajani saa nzima bila kunung'unika. Uliporudi aliendelea na la ishirini na tatu kwa mwendo uleule. Moyo wa Ghadban ulimjaa. Alimpenda, na alimwogopa kidogo, kama mtu anavyomwogopa aliye bora kuliko yeye.

Na bado, Shinawa alipotokea na kuuliza, "Kumekucha, mama wa nyumba naye ni fundi?" ulimi wa Ghadban ulimtangulia.

"Ananisaidia kushika."

Mashine ya almasi ilinyamaza kwa muda wa pumzi moja. Kisha ikaendelea, mguso, mguso, mguso.

*

Cheni haikuwa tena ile ya Jumamosi. Ilikuwa na mapengo matano, na iliunguruma kwa sauti nzito. Lakini ilikwenda sawa. Mitende mitano Jumatano kabla ya jua kuzama, minne Alhamisi tangu alfajiri. Ghadban aliiachia ijiendee, hakuilazimisha. Alikwishajifunza kwamba anayebonyeza anachoma.

Saa nne ulibaki mmoja tu. Hajia Tiswahin alikuja bila kuitwa. Aliweka viganja vyake kwenye shina la mtende tasa, akafumba macho, akapapasa taratibu kutoka chini kwenda juu.

"Wa kwanza huu. Wa pili, wa tatu. Mwaka huu nilikuwa na homa, nilipiga chini." Alifika kifuani pake. "Wa tisa. Juu ya hapa hamna kitu changu. Kata."

"Una hakika, mama?"

"Misumari ni yangu."

Ghadban alikata shubiri mbili juu ya kidole chake. Mtende uliinama kuelekea mfereji na kuanguka. Kisiki chenye misumari walikichimbua kwa majembe, yeye na Shinawa, wakakivuta kwa mnyororo wa trekta. Walikuwa bado wanahema gari la Ustadh Wathiq lilipoingia, na nyuma yake lori refu lililobeba katapila.

Alikuja nalo kabisa. Hakutaka hata kuuliza kwanza.

Mkaguzi alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya majani. Alizunguka bustani yote na daftari, akahesabu mashimo, akahesabu mitende ishirini na mitatu, akagonga kila shina na kusikiliza kwa sikio. Wathiq alimfuata akimwonyesha hiki na kile. Mwishowe mkaguzi aliandika mstari mmoja, akachana karatasi na kumpa Ghadban mkononi.

"Safi. Wekeni majivu kwenye mashimo. Tutaonana mwaka kesho."

Hajia Tiswahin alipiga kigelegele kimoja, kisha akaketi chini. Wathiq alitabasamu kama mtu aliyeng'atwa na kiatu. "Hongera, Baba Sabrin. Ulileta mafundi kutoka mjini, naona."

"Hakuna fundi wa mjini," alisema Shinawa.

Dereva wa katapila, mtu wa makamo mwenye mikono ya grisi, alikuwa ameshuka kwa kukosa kazi. Aliuinua msumeno kutoka juu ya gogo, akaizungusha cheni kwa kidole, akasimama. Akavuta miwani kutoka mfukoni.

"Hii ni kabaidi," alisema. "Ilipiga chuma. Angalia, matano hayapo." Akaizungusha tena. "Lakini aliyeinoa... jino halimzidi mwenzake hata unywele. Nina tatu kama hizi ndani ya lori, mwaka wa pili huu zimekufa, Basra yote hakuna mkono wa kuzifufua. Nani kanoa?"

"Nani mwingine," Shinawa alianza, "mkono wa binamu yangu—"

"Si mimi," alisema Ghadban.

Wote walimgeukia. Alihisi masikio yakimwaka. Huko Abu al-Khasib mwanamume akimzungumzia mkewe mbele ya wanaume husema watu wa nyumbani, au mama fulani, na akibanwa sana husema familia. Babu yake alioa miaka sitini na hakuna mwanamume aliyewahi kulisikia jina la mkewe hadi liliposomwa kaburini. Jikoni, kelele za gilasi za chai zilikuwa zimekoma.

"Amenoa mke wangu," alisema. "Mara ya kwanza amenoa nimemfungia kwenye kichumba cha kuni, mtu asimwone. Mara ya pili nilisema ananisaidia kushika. Niliongopa. Mimi ndiye niliyekuwa namsaidia, tena kwa kuelekezwa." Aligeukia jikoni. "Anaitwa Nashmiya. Nashmiya binti Khazal."

Mkaguzi alitazama viatu vyake. Wathiq alitafuta kitu kwenye simu. Shinawa alibaki na sigara mdomoni, haijawashwa.

"Jina zuri," alisema Hajia Tiswahin kutoka chini alipokaa. "Nilidhani umelisahau."

Dereva alikwenda kwenye lori lake, akarudi na furushi la gunia. Ghadban alinyoosha mikono kulipokea. Yule mtu akampita kwa adabu, akavuka ua hadi kwenye meza iliyokuwa kando ya ukuta, akalifungua gunia na kuzipanga cheni zake tatu mbele ya kigoda kitupu, karibu na sanduku la bati. Kisha alirudi nyuma hatua tatu, akavua kofia, akasimama kumngoja Nashmiya amalize kutayarisha chai.